Mabuyu ya rangi: Namna ya kutayarisha nyumbani kitafunio cha Pwani chenye sukari, chumvi na uchachu

KATIKA vibanda vya kando ya barabara na karibu na malango ya shule, kutoka Kilifi hadi Malindi, ni vitafunio vichache vinavyovuta macho ya watoto kama mabuyu ya rangi. Hufungwa katika vifuko vidogo vya nailoni, yakiwa mekundu kama damu ya mzee, na anayeyala hatambuliwi kwa maneno yake bali kwa ulimi, midomo na vidole vyake.

Kitafunio hicho hutokana na tunda la mbuyu, mti ambao wataalamu wa mimea huuita Adansonia digitata kwa heshima ya Michel Adanson, Mfaransa aliyeuchunguza nchini Senegal katika karne ya 18. Katika mashamba ya Kaunti ya Kilifi, ikiwemo wadi ya Ganda iliyo katika eneo bunge la Malindi, miti hiyo husimama miongoni mwa mihogo, mahindi na minazi, na mingine ina umri unaozidi ule wa kijiji chenyewe.

Nchini Tanzania na visiwani Zanzibar kitafunio hicho huitwa ubuyu, na watayarishaji wa huko hupenda kukitia iliki na vanila kwa wingi. Nchini Kenya jina lililozoeleka ni mabuyu, na Mombasa ndiko biashara yake ilikoshika mizizi zaidi. Hata hivyo, kazi ya kuyatayarisha haihitaji kiwanda. Sufuria, mwiko, sinia na jiko la makaa vinatosha.

Nini kilicho ndani ya buyu

Buyu lililokomaa lina gamba gumu kama mti, lililofunikwa na manyoya laini yenye rangi ya kijani iliyochanganyika na kahawia. Likipasuliwa, ndani hupatikana mbegu nyeusi zilizozungukwa na unga mweupe mkavu, pamoja na nyuzi nyekundu zinazoushikilia unga huo.

Unga huo ndio wenye thamani. Uchachu wake hutokana na tindikali za asili zilizomo, na pia una vitamini C kwa wingi, ukiupita unga wa matunda mengi yanayojulikana. Aidha, una nyuzinyuzi laini zinazosaidia tumbo kufanya kazi na ambazo huufanya uvute maji upesi. Sifa hiyo ya kuvuta maji ndiyo siri ya mabuyu ya rangi: shira ya sukari inapomiminwa, unga huinywa, hunenepa, kisha hukauka ukiwa umeigandisha rangi na ladha juu ya mbegu.

Ifahamike, hata hivyo, kwamba vitamini C hupungua kwa moto. Anayetafuta faida ya tunda hilo kwa afya atainufaisha nyumba yake zaidi kwa kuukoroga unga mbichi katika maji au uji uliopoa. Mabuyu ya rangi ni kitafunio cha kujifurahisha, na yanafaa kuhesabiwa hivyo.

Mahitaji

Kwa kiasi kinachotosha vifuko 20 vidogo, mpishi anahitaji:

- Mbegu za mabuyu zenye unga wake, vikombe 4
- Sukari, kikombe 1 na nusu (takriban gramu 300)
- Maji, kikombe 1
- Chumvi, nusu kijiko cha chai
- Pilipili ya unga, robo hadi nusu kijiko cha chai
- Iliki iliyosagwa, nusu kijiko cha chai
- Rangi ya chakula, robo kijiko cha chai
- Vanila, matone machache, kwa anayependa

Chumvi isidharauliwe kwa udogo wake. Bila chumvi, sukari na uchachu hushindana mdomoni. Ikiwepo, ladha hizo mbili hupatana na utamu husikika zaidi. Wakazi wa Malindi hawana haja ya kuitafuta mbali, kwani kaskazini mwa mji huo, Gongoni na Marereni, kuna mashamba ambako maji ya bahari hukaushwa kwa jua hadi chumvi ikabaki.

Namna ya kutayarisha

1. Pasua mabuyu kwa nyundo au jiwe, toa kilichomo na uondoe nyuzi nyekundu moja baada ya nyingine. Tupa mbegu zenye ukungu, zenye mashimo ya wadudu au zilizobadilika rangi. Buyu lililoingia maji ya mvua halifai hata kama gamba lake linaonekana zima.

2. Weka mbegu katika chekecheke na uzitikise polepole. Unga uliolegea utaanguka. Usiutupe, uweke kando, kwa maana utahitajika kuinenepesha shira.

3. Bandika sufuria yenye maji, sukari, chumvi, pilipili, iliki na rangi. Koroga hadi sukari iyeyuke, kisha acha ichemke kwa moto wa wastani.

4. Endelea kuchemsha hadi shira ianze kunata. Ili kuipima, chukua tone moja, liache lipoe kidogo, kisha libane kati ya kidole gumba na cha shahada. Vidole vikiachana na kuvuta uzi mwembamba, shira iko tayari.

5. Punguza moto. Tia vijiko viwili au vitatu vya ule unga uliochekechwa na ukoroge upesi usifanye madonge. Kisha mimina mbegu zote na vanila.

6. Geuza kwa mwiko bila kuacha, ukianzia chini kuja juu, hadi kila mbegu ivikwe rangi na shira ikauke sufuriani. Kazi hii huchukua dakika chache tu, na moto ukiwa mkali sukari huungua na kuacha uchungu.

7. Mwaga katika sinia pana, tawanya, na uzitenganishe mbegu zilizoshikana kabla hazijapoa. Yaache yapoe kabisa ndipo yafungwe.

Mpishi akiona mabuyu yanabaki na majimaji, ama shira haikuchemka vya kutosha ama maji yalizidi. Yarudishwe motoni kwa moto mdogo na kugeuzwa hadi yakauke. Yakiwa makavu mno na unga kupukutika, shira ilikuwa kidogo.

Hewa ya Pwani ina unyevu, hasa wakati wa mvua za masika, na sukari huuvuta unyevu huo. Kwa sababu hiyo mabuyu yaliyoachwa wazi usiku mmoja huamka yakiwa donge moja. Chupa kavu yenye kifuniko kinachobana ndiyo hifadhi bora.

Shira hiyo kwa bisi

Wapo wanaotamani kuwapa watoto rangi hizo hizo bila kokwa ngumu, na kwao bisi ni mbadala mzuri. Hata hivyo, mahindi ya kawaida hayafai. Bisi hutokana na aina ya mahindi yenye punje ndogo na gamba gumu, ambazo huhitaji kubaki na unyevu wa karibu asilimia 14 ndani yake. Punje ikifika joto la takriban nyuzi 180 za selsiasi, unyevu huo hugeuka mvuke, gamba hushindwa kuuzuia, na punje hupasuka. Punje iliyokauka mno hubaki chini ya sufuria bila kupasuka.

Nusu kikombe cha punje, kikikaangwa kwa vijiko vitatu vya mafuta katika sufuria iliyofunikwa, hutoa bisi za kujaza beseni. Tofauti iko katika shira. Shira nyepesi ya mabuyu ikimiminwa juu ya bisi, bisi hunywea na kuwa kama pamba iliyolowa. Ya bisi huchemshwa kwa kikombe kimoja cha sukari, robo kikombe cha maji na vijiko viwili vya siagi, hadi tone lake likidondoshwa katika maji baridi ligande na kuvunjika. Hapo hutiwa rangi, ikamiminwa juu ya bisi, zikageuzwa upesi, zikatandazwa na kunyunyiziwa chumvi kabla hazijapoa. Anayetaka rangi tatu atagawa bisi mafungu matatu na kuchemsha shira mara tatu.

Sukari iliyofikia hatua hiyo ina joto kubwa kuliko maji yanayochemka, na hunata kwenye ngozi. Watoto wasikaribie jiko wakati huo, hata kama kitafunio ni chao.

Rangi: Ipi ni salama?

Hapa ndipo penye suala zito. Wekundu unaomvutia mtoto waweza kutokana na rangi iliyokusudiwa chakula au iliyokusudiwa nguo na mikeka, na kwa macho pekee mnunuzi hawezi kuzitofautisha. Rangi za viwandani kama rhodamine B hazikubaliki katika chakula. Anayetayarisha nyumbani anashauriwa kununua rangi iliyo katika chupa au pakiti yake ya asili, yenye maneno yanayoeleza kuwa ni ya chakula, tarehe ya kuharibika na alama ya Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa (KEBS). Rangi inayopimwa kwa kijiko kutoka gunia lisilo na jina isiingie jikoni.

Hata rangi zilizoidhinishwa zimekuwa zikichunguzwa upya. Mwaka wa 2007, watafiti wa Chuo Kikuu cha Southampton, Uingereza, walichapisha katika jarida la The Lancet matokeo yaliyohusisha michanganyiko ya baadhi ya rangi za kutengenezwa na utundu uliozidi miongoni mwa watoto. Tangu Julai 2010, Umoja wa Ulaya umetaka vyakula vyenye rangi sita zilizotajwa viwe na onyo. Nayo Marekani, mnamo Januari 2025, ilitangaza kuondoa idhini ya rangi nyekundu nambari 3 katika vyakula.

Ipo njia nyingine. Maua makavu ya rosela, nusu kikombe, yakichemshwa katika maji ya mapishi na kuchujwa, hutoa wekundu unaozidi kung'aa yakikutana na uchachu wa mabuyu. Bizari ya manjano hutoa rangi ya dhahabu. Maji ya bitiruti hutoa waridi iliyokolea, ila yatiwe mwishoni kwa sababu moto huipausha rangi yake. Rangi hizi hazifikii ukali wa zile za dukani, lakini mzazi hujua zimetoka wapi.

Tahadhari kwa walaji

Mbegu za mabuyu humung'unywa na kutemwa. Hazitafunwi, kwani ni ngumu kiasi cha kuvunja jino. Mtoto wa chini ya miaka 4 asipewe mabuyu wala bisi, kwa hofu ya kukabwa koo.

Kuhusu sukari, Shirika la Afya Ulimwenguni (WHO) lilipendekeza mwaka wa 2015 kwamba sukari inayoongezwa katika vyakula na vinywaji isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, kiasi ambacho kwa mtu mzima ni takriban gramu 50. Gramu 300 za mapishi haya zikigawanywa katika vifuko 20, kila kifuko hubeba gramu 15, sawa na karibu vijiko vinne vya chai. Vifuko vinne kwa siku vinatosha kumpita mtu mzima mpaka huo, sembuse mtoto.

Mti na anayeuvuna

Thamani ya mbuyu imezidi kutambulika nje ya Afrika tangu Umoja wa Ulaya ulipoidhinisha unga wake kuwa chakula mwaka wa 2008, na Marekani ikafuata mwaka wa 2009. Hata hivyo, mavuno mengi ya vijijini huuzwa kwa magunia, yakiwa bado ndani ya magamba, na faida ya kuyasafisha, kuyapika na kuyafunga huwaendea wengine. Anayehatarisha maisha kwa kuupanda mti huo mrefu ndiye mara nyingi apataye kidogo.

Uchungu wa jambo hilo ulidhihirika Kilifi mwaka wa 2022, wakati mibuyu iliyokomaa ilipong'olewa na mizizi yake ili isafirishwe hadi nchi ya Georgia. Baadhi ya wenye mashamba walikuwa wamekubali kuiuza kwa kuwa walihitaji fedha na nafasi ya kulima. Mnamo Novemba mwaka huo, Rais William Ruto aliagiza uchunguzi kuhusu uhalali wa leseni iliyotolewa na iwapo Wakenya wangenufaika ipasavyo.

Wahenga walisema mbuyu ulianza kama mchicha, nao hawakueleza ni miaka mingapi hupita katikati. Mche unaoota wenyewe huweza kukaa zaidi ya miaka kumi kabla ya kuzaa, na maua yake, yafunguayo usiku, hutegemea popo ili yageuke matunda. Mti uking'olewa leo, mjukuu ndiye atakayeona pengo lake.

Kwa familia yenye mbuyu shambani, basi, gunia moja likisafishwa na kupikwa nyumbani kwa rangi salama laweza kuleta mapato zaidi ya likiuzwa kwa dalali likiwa zima. Anayekusudia kuyauza mabuyu yake madukani anapaswa kwanza kuulizia masharti ya afya katika ofisi za kaunti na idhini ya KEBS. Kwa anayepikia watoto wake pekee, vikombe vinne vya kwanza vitatosha kumfundisha shira inapokuwa tayari.