Mundu ndani ya damu: ushahidi wa Darwin uliopatikana Nairobi na Kampala

Mwanafunzi wa kidato cha nne, awe Tanga au Kakamega, akifikia mada ya uteuzi asilia hukutana kwanza na nondo wa Uingereza. Huelezwa kwamba masizi ya viwanda yalitia weusi magome ya miti, nondo weupe wakaonekana upesi na kuliwa na ndege, weusi wakanusurika na kuzaana. Ni mfano mzuri, na watunga mitihani wanaupenda. Lakini upo mfano mwingine, wenye uzito zaidi kwa kuwa unamhusu binadamu mwenyewe, nao mara nyingi hupitiwa kwa aya moja bila kusemwa ulipatikana wapi na kwa damu ya nani. Ulipatikana huku kwetu. Mwaka 1953, Bernard Kettlewell wa Oxford akiachia nondo wake katika msitu karibu na Birmingham, daktari kijana aliyesoma chuo hichohicho alikuwa Nairobi akiwaambukiza watu malaria kwa makusudi.

Jina lake Anthony Allison. Alizaliwa Afrika Kusini mwaka 1925, akakulia Kenya, kwenye shamba la pareto la baba yake huko Gilgil. Alisoma Chuo Kikuu cha Witwatersrand, kisha akaenda Oxford kusomea udaktari. Mwaka 1949 msafara wa Oxford ulikuja Mlima Kenya kuchunguza mimea na wadudu, naye akajiunga akiwa na jukumu lake la pembeni: kukusanya damu ya watu wa jamii mbalimbali ili ipimwe makundi, maana wataalamu wa wakati huo waliamini makundi ya damu yangewaonyesha nani ana undugu na nani. Juu ya hilo akaongeza kipimo kimoja chepesi. Tone la damu juu ya kioo, kemikali ya kuondoa oksijeni, kifuniko, kisha darubini. Kwa watu wengi chembe nyekundu hubaki mviringo. Kwa wengine hujikunja na kuwa na umbo la mundu.

Chembe hizo hazikuwa ngeni kwa wataalamu. Mwaka 1910 James Herrick, daktari wa Chicago, alichapisha habari za mgonjwa mwenye upungufu wa damu na chembe zilizopinda kama mundu. Mgonjwa huyo, Walter Clement Noel, alikuwa kijana kutoka kisiwa cha Grenada aliyekuja kusomea udaktari wa meno. Alimaliza masomo, akarudi kwao kufanya kazi, akafa mwaka 1916 akiwa na umri wa miaka 32 tu. Kwa miaka mingi Wamarekani waliuita ugonjwa wa watu weusi na kuishia hapo. Kisha mwaka 1949 mambo yakaja kwa mkupuo. Linus Pauling na wenzake walionyesha kuwa himoglobini ya wagonjwa hao ni tofauti kikemia na ya watu wengine. James Neel huko Marekani, na daktari Beet aliyekuwa Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia, walieleza jinsi inavyorithiwa: mwenye nakala moja ya kinasaba huishi maisha yake kama kawaida, mwenye nakala mbili, moja ya baba na moja ya mama, ndiye anayeugua selimundu, au sikoseli kama wengi tunavyoiita.

Hapo ndipo lilipozuka swali, na kwa maoni yangu ndilo swali zuri kuliko yote katika somo zima la urithi. Wakati ule mtoto wa Kiafrika mwenye nakala mbili alikuwa nadra kufika umri wa kuoa au kuolewa. Kila aliyezikwa alizikwa na nakala zake mbili. Kizazi baada ya kizazi kinasaba hiki kingepaswa kupungua hadi kiwe adimu. Badala yake Allison aliona kwamba pwani na kandokando ya Ziwa Viktoria zaidi ya watu 20 kati ya 100 walikuwa nacho. Magharibi mwa Uganda, kwa Wabaamba, Hermann Lehmann na Alan Raper walikuwa wamekuta zaidi ya 40 kati ya 100. Kitu kinachoua watoto kinawezaje kuenea hivyo? Ama kinazaliwa upya kila siku kwa mabadiliko ya ghafla ya vinasaba, jambo ambalo hesabu ilikuwa inalikataa, ama kuna anayefaidika nacho.

Jibu lilikuwa kwenye ramani. Katika nyanda za juu za kati za Kenya, wenye chembe mundu hawakufika hata mtu 1 kati ya 100. Tofauti hii haikufuata lugha wala ukoo. Wabantu wa pwani walikuwa na kinasaba hicho, Wabantu wa milimani hawakuwa nacho. Waluo, ambao si Wabantu, walikuwa nacho tele. Kilichofuatwa kilikuwa kitu ambacho mtoto yeyote aliyekulia Gilgil na kushuka kwenda Mombasa wakati wa likizo angekijua bila kufundishwa: kule chini kuna mbu na homa, huku juu kuna baridi. Allison akakisia kwamba nakala moja ya kinasaba humkinga mwenye nayo dhidi ya malaria. Hakuchapisha. Alirudi Oxford kumaliza udaktari, akakaa na wazo lake kwa takriban miaka minne.

Aliporudi mwaka 1953 Kenya ilikuwa chini ya hali ya hatari iliyotangazwa Oktoba 1952. Nairobi akapata wanaume 30 wa Kiluo waliojitolea, ambao walikuwa wamekaa mbali na maeneo ya malaria kwa angalau miezi 18. Kumi na watano walikuwa na nakala moja ya kinasaba, 15 hawakuwa nayo. Wakaambukizwa vimelea vya Plasmodium falciparum, aina ya malaria inayoua, wengine kwa damu yenye vimelea na wengine kwa kuumwa na mbu. Kati ya wasio na kinasaba, 14 walipata malaria. Kati ya wenye nacho, 2 tu. Wote wakatibiwa.

Ni lazima tusimame hapa kidogo. Wakati ule kumwambukiza mtu malaria halikuwa jambo la kushtua katika tiba. Julius Wagner-Jauregg wa Vienna alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1927 kwa kutibu kaswende iliyofika kwenye ubongo kwa homa ya malaria. Hata hivyo, neno "kujitolea" lina uzito gani kwa mfanyakazi Mwafrika wa Nairobi ya 1953, mji wa kipande na misako, mbele ya daktari Mzungu? Leo majaribio ya namna hiyo bado hufanywa, Kilifi ikiwemo, lakini kuna kamati za maadili, fomu za ridhaa zilizoandikwa kwa Kiswahili na haki ya kujitoa saa yoyote. Jina la Allison limo vitabuni. Ya wale 30 hayamo.

Hakuridhika na Nairobi. Karibu na Kampala alipima damu ya watoto 290 wa Kiganda, akichagua umri ambao mwili bado haujajijengea kinga yake. Kati ya watoto 43 wenye kinasaba, 12 walikutwa na vimelea. Kati ya 247 wasio nacho, 113. Kwa asilimia ni takriban 28 dhidi ya 46. Kisha akapima watu karibu 5,000 wa Afrika Mashariki na kuiona ramani ileile ikijirudia. Februari 1954 matokeo yakatoka katika British Medical Journal. Karibu miaka 95 baada ya kitabu cha Darwin cha 1859, kwa mara ya kwanza kulikuwa na ushahidi imara wa uteuzi asilia ukifanya kazi kwa binadamu, tena sababu yake ikiwa imetajwa.

Kukubaliwa hakukuja mara moja. Mwaka 1955 watafiti wa Marekani walirudia jaribio la kuambukiza watu wazima na hawakuona kinga ya maana. Kwa muda ilionekana kama Allison kakosea. Wale waliofanya kazi kwenye wodi za watoto ndio waliomuunga mkono, Raper wa Kampala akiwa mmoja wao. Ukubwa wa kinga hii hauko katika kumzuia mtu asipate vimelea kabisa. Uko katika kumzuia mtoto mdogo asife. Miongo mingi baadaye, watafiti wa Kilifi wakiongozwa na Tom Williams waliwafuatilia watoto wa pwani ya Kenya wakakuta kwamba mwenye nakala moja hupungukiwa na hatari ya malaria kali kwa takriban asilimia 90. Ni miongoni mwa kinga kubwa kabisa za kinasaba zinazojulikana dhidi ya malaria kali.

Kiini cha jambo lenyewe ni kidogo mno. Vernon Ingram, akiwa Cambridge mwaka 1956, aligundua kwamba katika mnyororo wa asidi amino 146 wa protini ya himoglobini, tofauti iko kwenye moja tu, ya sita. Mabadiliko hayo hufanya himoglobini ishikane na kuwa nyuzi pale oksijeni inapopungua. Kwa mwenye nakala moja, maelezo mojawapo ni kwamba kimelea kikiingia ndani ya chembe huipunguzia oksijeni, chembe hujikunja, na bandama huiondoa pamoja na mgeni wake. Kwa mwenye nakala mbili chembe hujikunja hata bila mgeni. Huziba mishipa midogo, huleta maumivu ya mifupa ambayo wagonjwa hushindwa kuyaeleza, huiharibu bandama mapema. Na hapa ndipo kuna ukatili ambao vitabu huusahau: mtoto mwenye nakala mbili hana kinga ile. Malaria ikimpata, ni miongoni mwa vitu vinavyomuua upesi kabisa.

Hospitali ya Mulago, Kampala, ilikuwa ikiwaona watoto hao tangu enzi za daktari Hugh Trowell. Dar es Salaam, kliniki ya Muhimbili ilianza mwaka 2004 kuwafuatilia wagonjwa kwa utaratibu, kazi iliyoongozwa na Profesa Julie Makani; Tanzania ni kati ya nchi zenye watoto wengi zaidi wa selimundu duniani. Dawa ya hydroxyurea ilihofiwa kwamba ingewaongezea watoto wa Kiafrika malaria. Utafiti uliofanyika Kilifi, Mbale, Kinshasa na Luanda, na kuchapishwa mwaka 2019, ulionyesha kinyume: maumivu yalipungua, malaria ikapungua, vifo vikapungua.

Kinasaba chenyewe kimesafiri na watu. Oman kuna wagonjwa ambao aina ya kinasaba chao inafanana na ya Wabantu, alama ya karne za dau na utumwa kati ya Muscat na pwani yetu. Huko Marekani, ambako malaria ilitokomezwa karne iliyopita, kinabebwa na kizazi kisichopata faida yake yoyote.

Zanzibar nayo imo njiani kuitokomeza malaria. Kwa miaka mingi sasa, wanaokutwa na vimelea vya malaria visiwani ni chini ya asilimia 1 ya watu. Kwa hesabu ya Allison, kinasaba hiki hakimlipi tena mtu wa Unguja na kitaanza kupungua, lakini kupungua kwenyewe huhesabiwa kwa vizazi. Hata malaria ikishatoweka, wachumba wawili wenye nakala mojamoja bado wana uwezekano wa mtoto 1 kati ya 4 kuzaliwa na ugonjwa, kila mimba, bila kujali watoto waliotangulia. Kipimo cha kuwaambia hivyo kabla ya ndoa kipo, nacho huhitaji damu kidogo tu.