Nafaka tulizozipa kisogo

Mpwa wangu alirudi Dar es Salaam baada ya miaka minne ya masomo Ulaya, na mkobani alikuwa na karatasi ya daktari. Karatasi ile ilisema kwamba binti huyu ana ugonjwa wa siliaki, na kwamba kuanzia siku hiyo hadi mwisho wa maisha yake asile ngano, shayiri wala rai. Asubuhi yake ya kwanza nyumbani, mama yangu alikuwa ameshampangia mezani kila anachopangiwa mjukuu aliyetoka mbali: maandazi, chapati za kusukuma na mkate uliopakwa siagi. Binti akalitazama sinia, kisha akanitazama mimi. "Mjomba," akasema, "sasa nitakula nini?"

Ndugu wasikilizaji, swali hilo liliwahangaisha madaktari wakubwa kwa zaidi ya miaka 60, na jinsi walivyolijibu ni kisa kinachostahili kusimuliwa.

Kwanza tuujue ugonjwa wenyewe. Ndani ya ngano mna utomvu wa protini uitwao gluteni. Ndiyo hiyo inayofanya donge la chapati livutike bila kukatika. Kwa mtu mwenye siliaki, gluteni ikifika tumboni, kinga ya mwili wake mwenyewe inageuka na kuushambulia utumbo mwembamba. Vile vinyweleo vya utumbo vinavyofyonza chakula vinalala na kukwisha. Mtu anakula, lakini mwili haupati. Anaharisha, anakonda, damu inapungua, mifupa inakuwa dhaifu. Mtoto hakui na tumbo linavimba. Katika nchi ambako watu wamepimwa kwa wingi, imeonekana kwamba takriban mtu mmoja kati ya 100 anao, na wengi wao hawajui.

Mwaka 1887 daktari Mwingereza Samuel Gee alitoa mhadhara kuhusu ugonjwa huu katika hospitali ya watoto ya Great Ormond Street, London. Alisema jambo la maana sana: kwamba mgonjwa akipona, atapona kwa chakula. Lakini chakula gani? Hapo mzee wa watu akapotea njia. Alikataza wali, akaruhusu mkate, mradi ukatwe vipande vyembamba na kubanikwa pande zote mbili! Alisimulia pia habari za mtoto mmoja aliyelishwa kome wa Uholanzi, zaidi ya lita moja kila siku, akanawiri ajabu. Msimu wa kome ulipokwisha mtoto akarudi palepale, na msimu uliofuata akakataa katakata kuwala. Nani angemlaumu?

Mwaka 1924, huko New York, daktari Sidney Haas akaja na dawa ya ndizi mbivu. Watoto aliowalisha ndizi kwa wingi, bila mkate, biskuti, viazi wala nafaka, walipona, na sifa zake zikaenea Marekani nzima. Haas alikuwa amesoma habari za kisiwa cha Puerto Rico, kwamba watu wa mjini waliokula mkate waliugua matumbo, na wakulima walioishi kwa ndizi hawakuugua. Jibu lilikuwa mbele ya macho yake, naye akalisoma kinyume. Aliamini kwamba ndizi ndiyo inayoponya. Basi mtoto akishanenepa aliruhusiwa kurudia mkate, na ugonjwa uliendelea kumla ndani kwa ndani.

Aliyelisoma jibu sawasawa alikuwa Mholanzi, Willem Dicke, daktari wa watoto katika mji wa The Hague. Kisa chake husimuliwa kana kwamba aliamka asubuhi moja wakati wa vita akaona mwanga. Sivyo. Tangu miaka ya 1930 mama mmoja alikuwa amemwambia kwamba mwanawe hupata nafuu akiacha mkate, naye Dicke, tofauti na wakubwa wengi, alimsikiliza mama. Mwaka 1941 alikwisha kuandika kuhusu chakula kisicho na mkate kwa wagonjwa hawa. Vita vilikuja kumthibitishia.

Septemba 1944 wafanyakazi wa reli wa Uholanzi waligoma, na majeshi ya Ujerumani yakalipiza kwa kuzuia chakula kisifike magharibi mwa nchi. Baridi ilipoingia watu wakala vitunguu vya maua ya tulipu. Takriban watu 20,000 walikufa. Mkate ulikuwa adimu mno. Na katikati ya njaa ile Dicke akaona kioja: watoto wenzao walipokuwa wakidhoofika, wenye siliaki walipata nafuu. Mwaka 1945 ndege zikaangusha chakula, mkate ukarudi, na wale watoto wakaanza tena kuharisha.

Vita vilipokwisha, Dicke na wenzake van de Kamer na Weijers walifanya kazi ya subira. Walimpa mtoto ngano, wakamwondolea, wakampa tena, na kila mara walipima mafuta yaliyopita kwenye choo bila kufyonzwa. Ngano na rai zilidhuru. Mchele na mahindi, walivyokuwa wamekatazwa na Gee, havikuwa na neno. Dicke aliyaandika hayo katika tasnifu yake ya mwaka 1950 katika Chuo Kikuu cha Utrecht, na miaka michache baadaye ikajulikana kwamba mkosaji ndani ya ngano ni gluteni.

Msikilizaji atasema, hayo ni mambo ya Wazungu. La hasha. Mwaka 1999 wataalamu walitangaza matokeo ya kuwapima karibu watoto 1,000 wa Kisahrawi katika kambi za wakimbizi huko Tindouf, Algeria. Zaidi ya watoto watano katika kila 100 walikuwa na ugonjwa huu, kiwango kikubwa kuliko kilichopata kuonekana popote. Mababu zao jangwani waliishi kwa maziwa ya ngamia, nyama na tende. Kambini walipewa unga wa ngano wa msaada. Hilo lilinikaa moyoni: mkimbizi analetewa mkate kwa nia njema kabisa, na mkate huohuo unamuua mwanawe.

Nasi je? Ngano si ya mababu wa wengi wetu. Huko Kenya, Lord Delamere alihangaika nayo Njoro mwanzoni mwa karne ya 20, ikaliwa na kutu. Hapa kwetu, mashamba makubwa ya Hanang yaliyofunguliwa kwa msaada wa Kanada miaka ya 1970 yalichukua malisho ya Wabarabaig ili sisi wa mjini tupate mkate. Na kadiri mkate ulivyoingia, ulezi ukawa chakula cha mzazi na mgonjwa, mtama ukaitwa chakula cha njaa, na uwele wengi wa vijana wa Kariakoo hawaujui hata kwa sura.

Lakini tazama hesabu. Gramu 100 za ulezi zina kalisi zaidi ya miligramu 300, wakati mchele mweupe haufiki hata 50. Mwenye siliaki, ambaye mifupa yake imekosa kalisi kwa miaka, anahitaji nini zaidi? Huyu akiacha ngano akabaki na wali mweupe na sembe tu, ameepuka sumu lakini hajala. Ale ulezi, mtama, uwele, dona, kunde na mchicha. Waethiopia wana tefu yao. Wahindi wa Karnataka wanauenzi ulezi, ambao asili yake ni nyanda za juu za Afrika Mashariki na Ethiopia. Hata hapa Pwani, kitumbua na mkate wa kumimina ni mchele.

Tahadhari mbili. Anayejishuku asiache ngano kabla ya kupimwa, kwa maana kipimo cha damu kinaweza kumdanganya. Na unga wa lishe wa dukani uulizwe umechanganywa na nini, maana mara nyingi ngano imo.

Mama yangu alinisikiliza nikiyaeleza haya, akachukua kikapu akaenda sokoni. Alinunua kilo tatu za ulezi, akaupepeta na kuuosha. Mashineni alimkuta kijana anamalizia debe la ngano, akamwomba asafishe mashine kwanza. Kijana akacheka. Mama akabeba ulezi wake, akaenda kwa jirani yetu, mama mmoja wa Singida aliyekuja mjini na jiwe lake la kusagia. Walisaga wawili hadi jioni. Mpwa wangu alikunywa vikombe viwili vya uji, akaomba cha tatu, na bibi yake akamwambia angoje upoe.