Stoo ya nyumbani Matuu: Kununua wakati wa mavuno bila kununua sumu

KATIKA mji wa Matuu, ulio kwenye barabara kuu itokayo Thika kuelekea Garissa, bei ya mahindi hufuata mvua. Ukambani mvua za kutegemewa ni zile za vuli, zinyeshazo kati ya Oktoba na Desemba. Mavuno yake huingia sokoni Februari na Machi, pamoja na ndengu na kunde, na hapo ndipo bei hushuka. Mvua za Machi hadi Mei mara nyingi huwaangusha wakulima, hivyo anayesubiri Novemba ndipo anunue chakula hukutana na bei za njaa.

Kutokana na hali hiyo, ushauri ambao kila mama wa nyumba wa Yatta ameusikia ni mmoja: nunua gunia wakati wa mavuno, uweke stoo. Ushauri huo ni sahihi, lakini una pengo moja kubwa. Mahindi ya Februari ndiyo ya bei nafuu zaidi, na ndiyo pia yenye unyevu mwingi zaidi.

Wakazi wa eneo hili wana sababu ya kulijua jambo hilo. Mnamo 1981, watu 20 waliugua wilayani Machakos baada ya kula mahindi yaliyoota kuvu, na 12 kati yao wakafa. Mwaka wa 2004 maafa yalirudi kwa kishindo. Watu 317 waliugua na 125 wakafariki, wengi wao wakiwa wa Makueni na Kitui, na wengine wa wilaya jirani zikiwemo Machakos na Thika. Macho yaligeuka manjano, matumbo yakavimba, maini yakashindwa kufanya kazi. Kilichowaua ni aflatoksini, ambayo Watanzania huiita sumukuvu, itolewayo na kuvu anayestawi katika nafaka yenye unyevu na joto.

Wachunguzi walipolinganisha familia zilizougua na zile zilizonusurika, waligundua kwamba waliougua walielekea zaidi kuwa wamehifadhi mahindi mabichi ndani ya nyumba zao. Nia yao ilikuwa njema: kuyaficha mbali na wezi katika mwaka wa uhaba. Aidha, bidhaa za mahindi zilizochukuliwa kutoka masoko 65 zilipopimwa, asilimia 55 zilizidi kiwango kilichoruhusiwa wakati huo. Kwa hivyo hatari haikuwa kwa mkulima peke yake. Ilimfikia pia mtu wa mjini aliyenunua kwa gorogoro.

Sumu hii haionekani wala haifi kwa kuchemshwa. Ugali uliopikwa ukaiva vizuri huwa nayo kama ilivyokuwa kwenye unga. Ulinzi wote, basi, hufanywa kabla ya chungu kuwekwa mekoni, na huanzia sokoni.

Mnunuzi mwangalifu hutia mkono katikati ya gunia, si juu tu ambako muuzaji ameweka punje nzuri. Mahindi makavu huteleza vidoleni na hulia yakimwagwa. Mabichi hushikana na huwa na ubaridi au, mbaya zaidi, joto. Punje ikiumwa kwa meno inapaswa kukatika kwa mlio. Punje zilizobadilika rangi, zilizopasuka au zilizotobolewa na wadudu ndizo ambazo kuvu hupenyea kwa urahisi, na gunia lenye nyingi za aina hiyo halifai hata likiuzwa kwa nusu bei.

Kuna pia kipimo cha chumvi, ambacho hakihitaji mashine. Chupa kavu ya kioo hujazwa mahindi hadi theluthi moja, huongezwa vijiko vichache vya chumvi iliyokaushwa juani, kisha hutikiswa kwa dakika kadhaa na kuachwa itulie. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, mahindi ni mabichi. Ikianguka yote chini, unyevu uko chini ya takriban asilimia 15. Hapo wengi husimama, na ni kosa: kiwango kinachopendekezwa kwa kuhifadhi ni asilimia 13.5. Ni busara kuyaanika tena siku mbili tatu, juu ya turubai na wala si juu ya udongo, na kuyafunika kabla ya umande wa jioni.

Kiasi cha kununua ni hesabu ndogo ambayo wengi hawaifanyi. Familia inayosaga gorogoro moja kwa siku, yaani takriban kilo 2, humaliza gunia la kilo 90 kwa siku 45. Kutoka Machi hadi mwisho wa Julai itahitaji magunia matatu na nusu hivi. Asiye na fedha za magunia hayo kwa mkupuo anaweza kushirikiana na jirani kununua moja moja, maadamu kila mmoja ameyaona mahindi kabla hayajagawanywa. Gorogoro lenyewe nalo litazamwe: kuna mengine yaliyobonyezwa kitako, na kubonyea kwa upana wa kidole kila siku ni kilo nyingi mwisho wa mwezi. Palipo na mizani, ipendelewe mizani.

Nyumbani, magunia yasimame juu ya mbao, mbali na ukuta, ili hewa ipite chini na pembeni. Mafuta ya taa, sabuni na dawa za shambani zisikae katika chumba hicho. Adui wa pili baada ya unyevu ni mdudu. Yule ambaye Wakenya walimbatiza jina la Osama, na Watanzania humwita dumuzi, aliingia Afrika Mashariki kupitia Tanzania, ambako aligunduliwa mwanzoni mwa miaka ya 1980, na akiachwa hugeuza gunia zima kuwa vumbi. Wanaotumia dawa ya unga wahakikishe ni ile iliyotengenezewa nafaka ya kuliwa na kwamba muda wake haujapita.

Njia isiyohitaji dawa ni mfuko usiopitisha hewa. Aina inayojulikana zaidi, yenye mifuko miwili ya plastiki ndani ya gunia la kawaida, ilibuniwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue cha Marekani waliokuwa wakitafuta jinsi ya kuhifadhi kunde nchini Cameroon. Kila mfuko hufungwa peke yake kwa nguvu. Wadudu waliomo huitumia hewa iliyobaki, kisha hufa. Lakini mfuko huo haukaushi kitu: mahindi mabichi yakitiwa humo yataoza.

Kwa ndengu, kunde na mbaazi, ambazo huvunwa kwa viwango vidogo, mtungi wa plastiki wa lita 20 uliooshwa na kukauka kabisa hufanya kazi ile ile, mradi ujazwe hadi mdomoni na ufungwe imara. Usiwe uliowahi kubeba mafuta ya taa wala dawa.

Unga ni suala jingine. Ule wa kinu cha mtaani, uliosagwa pamoja na kiini chenye mafuta, huchacha upesi. Heri kusaga wa wiki moja au mbili. Wa paketi hudumu zaidi, ingawa paketi si hakikisho: Novemba 2019 Shirika la Viwango la Kenya (KEBS) lilipiga marufuku chapa tano za unga wa mahindi kwa sababu ya aflatoksini.

Mboga na nyanya, ambazo wakulima huzikuza kwa maji ya mfereji wa Yatta, hazina haja ya stoo. Hununuliwa za siku mbili, zikatiwa kwenye kiondo.

Linabaki swali gumu la mahindi yaliyokwisha kuota kuvu. Kuchambua na kukoboa, kama ifanywavyo kwa muthokoi, hupunguza sumu kwa kuwa sehemu kubwa hukaa katika ganda na kiini, lakini hakuiondoi yote. Wengi huona afadhali kumpa ng'ombe au kuku hayo mabovu pamoja na pumba. Ng'ombe aliyelishwa aflatoksini huitoa katika maziwa, na maziwa hayo hurudi mezani kwa watoto. Mahindi ya namna hiyo huzikwa, hata kama ndiyo gunia la mwisho.