Springi na shokomzoba: uboreshaji wa magari ya Gendabi

Kuboresha springi na shokomzoba ni kubadilisha sehemu zinazobeba bodi juu ya magurudumu, ili gari litulie barabarani bila kuwatesa waliomo. Gendabi, kata ya wilaya ya Hanang chini ya mlima wenye jina hilo (takriban mita 3,420), haiboreshi magari kwa ajili ya mbio. Gari linalobeba magunia ya mbaazi kwenda mnadani ndilo hilo hilo linalompeleka mgonjwa mjini Katesh usiku, na likifika kwenye lami ya Singida–Babati linatakiwa likate kona kwa mwendo bila kulala upande. Mteremko wa mlima huo ulioleta udongo wenye rutuba huleta pia mawe na makorongo njiani wakati wa mvua; tarehe 3 Desemba 2023 uliporomosha tope lililoua watu Katesh na vijiji jirani, Gendabi ikiwemo.

Kazi za sehemu hizi mbili huchanganywa mara nyingi. Springi hubeba uzito. Shokomzoba huizuia springi isiendelee kunesa baada ya kubonyea. Gari linaloruka mara tatu baada ya tuta lina shokomzoba zilizochoka, na kulifungia springi ngumu zaidi ni kuzidisha tatizo: shokomzoba iliyoshindwa na springi laini haitaiweza ngumu.

Swali la kwanza la mnunuzi liwe hili: siku nyingi za wiki, gari hubeba nini? Chukua gari lenye kilo 300 juu ya kila gurudumu la nyuma na springi inayohitaji nyutoni 25 ili ibonyee milimita moja. Magunia mawili ya kilo 100 yakiwekwa juu ya ekseli ya nyuma, nyuma hushuka karibu milimita 39. Kwa springi ya nyutoni 35, hushuka milimita 28. Faida hiyo ina gharama. Likiwa tupu, gari lenye springi ya kwanza hunesa kama mara 1.45 kwa sekunde, kiwango ambacho mwili wa abiria hukivumilia vizuri. Kwa springi ya pili hufika mara 1.7, na kila kokoto husikika mgongoni. Ukipakia magunia yale, springi ngumu hurudi kwenye mara 1.5. Kwa hiyo springi ngumu ni starehe kwa anayebeba mzigo karibu kila siku, na ni adhabu kwa mwalimu anayekwenda kazini peke yake.

Land Cruiser za mfululizo wa 70 zinaonyesha watengenezaji wenyewe walivyogawa mambo: mwaka 1999 mbele ziliwekewa springi za koili, nyuma zikabaki na zile za bapa zilizopangwa moja juu ya nyingine. Wenye pikapu huongeza bapa moja ili nyuma isilale. Inasaidia, lakini bapa zilizojaa vumbi na kutu hukwaruzana na kugoma kuteleza, na ugumu unaolaumiwa kwa springi mara nyingi ni uchafu. Zisafishwe kwanza.

Kwenye changarawe iliyojikunja mawimbi, shokomzoba hupanda na kushuka mfululizo hadi mafuta yake yanapata moto na kufanya povu. Hapo dereva huhisi usukani umekuwa mwepesi na nyuma inatambaa pembeni. Zenye gesi ya naitrojeni hukawiza povu hilo, na kwa njia za Hanang ndizo za kununua kwanza fedha zikiwepo. Shokomzoba inayovuja hujulikana kwa kuiangalia: vumbi la kawaida hupukutika kwa kidole, lakini juu ya mafuta hugeuka utando mweusi unaonata.

Spesa za kunyanyua Noah na Probox zinapendwa kupita manufaa yake. Spesa iliyofungwa juu ya strati (shokomzoba na springi zilizounganishwa pamoja) haiongezi safari ya springi hata kidogo. Inasukuma gurudumu chini, inazipinda jointi za draivu shafti na inaharibu alainimenti, tairi zikaanza kuliwa upande mmoja. Noah yenye abiria, na mizigo juu ya kariya, ikiinuliwa zaidi inakuwa rahisi kupinduka. Anayegonga mawe chini atazame kwanza kama springi zake zimelala kwa uchovu. Mpya za kipimo cha kiwandani humrudishia kimo alichokipoteza.

Kabla ya manunuzi yote hayo, upepo wa tairi upimwe na bushi, yaani mpira wa kwenye maungio, zikaguliwe, kwani bushi iliyokatika huyumbisha gari hata likiwa na shokomzoba mpya. Fundi akifunga bushi mpya za mpira, boliti zake zikazwe mwisho gari likiwa limekaa kwa magurudumu yake. Zikikazwa likiwa juu ya jeki, mpira hubaki umesokotwa tangu siku ya kwanza na kupasuka mapema.