Nani Alilipia Mitaro ya Dar es Salaam?

Ndugu zetu wana wa nyumbani, mwaka huu kamati imeuweka mtaro wa maji ya mvua mbele ya mambo mengine yote. Aliyefika kwetu wakati wa masika anaijua sababu. Maji yanayoshuka kutoka barabara ya juu hupita sokoni, huchimba msingi wa zahanati, kisha hutuama nyuma ya shule kwa wiki kadhaa. Makadirio ya fundi yako ukurasa wa katikati, hatutayarudia hapa. Sisi tuliopewa kazi ya kutazama hesabu tulitaka kwanza kujua wenzetu walilipaje, na kwa kuwa wengi wetu tunaishi Dar es Salaam, tulianza na mji huu.

Zamani jibu la serikali kwa mitaa isiyopimwa lilikuwa kubomoa. Mwaka 1972 sera iligeuka, ikawa kuboresha makazi palepale watu walipo. Kuanzia 1974, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, Dar es Salaam, Mwanza na Mbeya ziliingia katika mradi wa viwanja na huduma. Sinza na Kijitonyama zilipimwa viwanja vipya. Manzese, iliyokuwa imekwisha kujaa watu, ilipata barabara, maji ya bomba na mitaro. Kwenye karatasi hesabu ilikuwa safi: mkazi angelipa kodi ya kiwanja na ada ya huduma, sehemu ya mkopo ingerudi, na kilichojengwa kingetunzwa. Fedha hizo hazikukusanywa vya kutosha. Na mkusanyaji angekuwa nani? Halmashauri za miji zilikuwa zimevunjwa mwanzoni mwa muongo huohuo, zikarejeshwa mwaka 1978 zikiwa na mzigo mkubwa na mfuko mwepesi. Mitaro ikajaa mchanga na taka. Kulikuwa na fedha za zege, lakini hakuna aliyetenga fedha ya koleo.

Mfano uliotufundisha zaidi ni Hanna Nassif, kule Kinondoni. Ni mtaa ulio kama kilomita 4 kutoka katikati ya jiji, kwenye mteremko unaoishia bonde la Msimbazi. Miaka ya 1990 ulikuwa na wakazi wapatao 20,000, nyumba zimebanana, na mvua ikinyesha maji yanaingia ndani kwa sababu hayana njia nyingine. Katika kipindi cha Mradi wa Dar es Salaam Endelevu, ulioanza 1992, wakazi waliunda chama chao cha maendeleo, na mitaro na barabara zikajengwa kwa awamu mbili. Fedha nyingi zilitoka nje, miongoni mwa watoaji wakiwa Ford Foundation na Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa. Shirika la Kazi Duniani lilileta utaalamu wa ujenzi unaotumia mikono badala ya mitambo. Wakazi nao walichangia. Kisha wao wenyewe, wanaume kwa wanawake, wakachimba, wakabeba mawe na kulipwa ujira.

Kwa macho ya mhasibu jambo hilo la ujira ni kubwa. Ukikodi mtambo, fedha yako inapanda lori jioni na kuondoka. Ukimlipa kijana wa mtaa, kesho iko gengeni na keshokutwa kwenye ada ya shule. Tena aliyeujenga mtaro anajua ulipojengwa vizuri na ulipolipuliwa, na hatamwachia jirani amwage taka humo bila neno.

Lakini kuna jambo moja la kule ambalo hatulipendi, na tunalisema wazi. Mwanzoni chama cha wakazi kilikuwa mwenye kazi na pia mkandarasi wa kazi hiyohiyo. Anayeandika hundi ndiye anayeipokea! Hata watu waaminifu kabisa hawapaswi kuwekwa mahali hapo, maana siku simenti ikipungua mifuko miwili hakuna wa kumuuliza mwenzake. Kwetu, anayesimamia mafundi hatasaini hundi.

Kuna pia suala la maji yanakwenda wapi. Mtaro hauyamalizi maji. Unayahamisha tu, tena kwa kasi zaidi. Msimbazi unaanzia vilima vya Pugu na kukusanya maji ya sehemu kubwa ya jiji kabla ya kufika baharini. Desemba 2011 mvua kubwa iliujaza mto huo na mabonde mengine, watu wapatao 40 wakafa, na familia nyingi zikapelekwa Mabwepande. Desemba 2015 nyumba za bondeni, karibu na Mkwajuni, chini kabisa ya mteremko wa Hanna Nassif, zikabomolewa. Ndiyo maana fundi wetu amekataa kuanzia sokoni, ingawa wengi walitaka hivyo kwa kuwa sokoni ndiko kunakoonekana. Tutaanzia chini, mtoni, tupande. Fedha ikiisha katikati, angalau kilichojengwa kitakuwa na mahali pa kumwaga.

Mwaka huohuo wa 2015 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola milioni 300 kwa uboreshaji wa jiji la Dar es Salaam, na mitaro mikubwa ya zege ikafuata. Kata yetu haina mkopo wa namna hiyo, wala hatuoni sababu ya kuusubiri.

Hivyo tumefungua akaunti mbili. Katika kila shilingi 100 mtakayochanga, 85 itakwenda kwenye ujenzi na 15 haitagusa zege: ni ya kuwalipa watu wa kuzibua mtaro mara mbili kwa mwaka, kabla ya vuli na kabla ya masika. Baadhi ya wajumbe waliona 15 ni nyingi wakati mtaro wenyewe haujachimbwa. Tulibishana jioni nzima, tukapiga kura, 15 ikapita. Orodha ya wachangiaji na matumizi yote itabandikwa kwenye mbao za matangazo za ofisi ya kata kila mwisho wa mwezi, na fomu ya ahadi iko ukurasa wa nyuma. Ukichanga, tafadhali dai risiti.