Dau la pande mbili: jinsi ya kukokotoa malipo yake

Ndengu zinapovunwa Kitui na maembe yanapouzwa Makueni, pesa huingia mifukoni, na sehemu yake huishia katika kubashiri kwa simu. Wengi wamezoea kandanda. Katika mbio za farasi, hata hivyo, kuna dau ambalo huwatatiza hata wabashiri wa miaka mingi, nalo ni dau la pande mbili.

Kaunti hizo mbili hazina uwanja wa mbio. Ule unaojulikana nchini uko barabara ya Ngong jijini Nairobi, chini ya Jockey Club of Kenya. Mbashiri wa Wote au Mwingi hukutana na dau hili kwenye simu, hasa katika mbio za Uingereza.

Jambo la kwanza kufahamu ni kwamba hayo ni madau mawili. Anayeandika Sh100 hukatwa Sh200: Sh100 kwamba farasi atashinda, na Sh100 nyingine kwamba atamaliza katika nafasi zinazolipwa. Upande huu wa pili hulipwa sehemu tu ya kiwango cha ushindi, kwa kawaida robo au moja ya tano. Kwa desturi ya Uingereza, mbio za farasi watano hadi saba hulipa nafasi mbili za kwanza kwa robo, na wanane au zaidi hulipa nafasi tatu kwa moja ya tano. Mbio kubwa za kusawazisha uzito huwa na masharti yake.

Chukua farasi wa 8/1 katika mbio zinazolipa robo. Akishinda, upande wa kwanza huleta Sh900 na wa pili Sh300, jumla Sh1,200, faida ikiwa Sh1,000. Akiwa wa pili, Sh100 za ushindi hupotea na Sh300 pekee hurudi. Faida ni Sh100.

Simu nyingi huonyesha 9.00 badala ya 8/1, na hapo ndipo wengi hukosea kwa kugawa 9 kwa 4. Sharti kwanza uondoe 1, ugawe 8 kwa 4 upate 2, kisha urudishe 1. Kiwango sahihi ni 3.00, wala si 2.25.

Mtego mkubwa zaidi uko kwa farasi wanaopendelewa. Farasi wa 3/1 akilipwa moja ya tano na kumaliza wa pili hurejesha Sh160. Simu huandika kwamba dau limelipwa, ilhali mwenyewe amepoteza Sh40. Kwa robo, nafasi pekee hurudisha mtaji wote kuanzia 4/1. Kwa moja ya tano, kuanzia 5/1.

Aidha, farasi akijiondoa kabla ya mbio, idadi ya nafasi zinazolipwa yaweza kupungua.

Kisha kuna ushuru. Chini ya Sheria ya Fedha ya 2025, asilimia 5 hutozwa pesa zinapowekwa katika akaunti ya kubashiri, na asilimia 5 zinapotolewa. Ile faida ya Sh100 hushuka hadi kama Sh75, na farasi wa 4/1 aliyeonekana kurudisha mtaji humwachia mwenyewe hasara ya takriban Sh20.