Kikomo cha Mishahara na Franchaizi: Istilahi Mbili za Mpira wa Kikapu

Katika uchumi wa michezo ya kulipwa, kikomo cha mishahara ni kiasi cha juu cha fedha ambacho timu moja huruhusiwa kuwalipa wachezaji wake wote kwa jumla katika msimu mmoja, nacho hutokana na makubaliano kati ya ligi na chama cha wachezaji. Uzito wote umo katika wingi wa neno la mwisho, kwani mwandishi anayeandika "kikomo cha mshahara" huwa ameshaihamisha dhana kutoka kwa timu hadi kwa mtu mmoja mmoja, na hapo Mkenya atafikiria Tume ya Mishahara na Marupurupu, iliyoundwa chini ya Katiba ya 2010, ambayo hupanga anachopokea gavana au mwakilishi wadi.

Msomaji wa Kilifi au Malindi anayefuatilia mijadala ya bajeti ya kaunti anaijua dhana hii kwa njia iliyo karibu zaidi. Kanuni za usimamizi wa fedha za umma za mwaka 2015 zinaitaka kila serikali ya kaunti isitumie zaidi ya asilimia 35 ya mapato yake yote kwa mishahara na marupurupu ya watumishi, na kanuni hiyo haimtaji daktari wala karani, bali hutazama jumla ya malipo na kuipima kwa mapato. NBA, ligi kuu ya kikapu ya Marekani, hufuata hesabu ya aina hiyo hiyo: mapato yanayotokana na mchezo, yakiwemo ya haki za televisheni na tiketi, hukadiriwa, sehemu ya wachezaji ikatengwa, na kutoka humo kikapatikana kikomo cha kila timu.

Historia yake ni ndefu kuliko inavyodhaniwa. Ligi iliyotangulia NBA iliweka kikomo cha dola 55,000 katika msimu wa 1946–47, kikaachwa baada ya msimu huo mmoja. Kilirejeshwa kwa makubaliano ya 1983, ambayo yaliwahakikishia wachezaji asilimia 53 ya mapato, na katika msimu wa 1984–85 kiwango cha kawaida kilikuwa dola milioni 3.6, na kufikia msimu wa 2024–25 kilikuwa kimepita dola milioni 140, hasa kwa sababu ya mikataba ya televisheni.

Wapo wanaopendelea kusema "dari ya mishahara". Pendekezo hilo lina kasoro ambayo mtu wa pwani ataiona upesi, kwa kuwa katika nyumba za mawe za miji ya Waswahili dari ni sehemu inayopandwa na kukaliwa, si kizuizi tu cha juu. Hata hivyo kasoro hiyo inaielezea NBA vizuri kuliko walivyokusudia wenye pendekezo, maana kikomo chake ni laini: timu huruhusiwa kukivuka ili kumbakiza mchezaji wake wa siku nyingi, ruhusa iliyopewa jina la Larry Bird wa Boston, na ikizidi mno hutozwa na ligi malipo yaitwayo kodi ya anasa. Ligi ya futiboli ya Kimarekani, NFL, ina kikomo kigumu tangu 1994, yaani kisichokuwa na mlango wa namna hiyo.

Kikomo hiki hakieleweki bila istilahi ya pili, franchaizi, ambayo ni haki inayotolewa na ligi kwa mmiliki ili awe na timu ndani ya ligi hiyo, na anayeipokea hufungwa na masharti yake, kikomo kikiwemo. Timu ya namna hii haishuki daraja hata ikishika mkia, na mmiliki anaweza kuihamisha kwa idhini ya ligi. Lakers walianza Minneapolis mwaka 1947 wakahamia Los Angeles mwaka 1960, wakiwa na jina linalotokana na maziwa ya jimbo la Minnesota. Na SuperSonics, waliocheza Seattle tangu 1967 na kutwaa ubingwa mwaka 1979, walihamishiwa Oklahoma City mwaka 2008, huku jina na rangi zao zikibaki Seattle. Kuliita jambo hili "klabu" ni kosa, kwa sababu klabu kwa Mkenya ni chama cha watu chenye wanachama na mashabiki wake, kama Gor Mahia au AFC Leopards, na hakuna anayeweza kuibeba Gor Mahia akaipeleka Malindi.

Pwani ya Kenya ina aina ya tatu, timu ya shirika, ambayo mfano wake mkubwa ni KPA ya Mombasa, yenye timu za kikapu za wanaume na wanawake chini ya Halmashauri ya Bandari. Desturi ya timu za mashirika ni kwamba mchezaji huweza kuajiriwa kama mtumishi, na ujira wake ukaingia katika hesabu za shirika badala ya hesabu za ligi, kwa hiyo ligi haina jumla ya kuiwekea kikomo hata ingetaka.

Basketball Africa League nayo, iliyoanza kuchezwa Kigali mwaka 2021 kwa ushirikiano wa NBA na FIBA, isiitwe ligi ya franchaizi kwa sababu tu NBA imo. Nairobi City Thunder, timu ya kwanza ya Kenya kushiriki mashindano hayo, iliingia msimu wa 2025 kwa kutwaa ubingwa wa Kenya na kushinda mechi za mchujo, wala haikununua kiti.